Kidole Kimoja cha Uzi

Shaibu alimsikia Mastura kabla ya kumwona. Ilikuwa mwaka 1951, msimu wa pamba, malori yakiingia Mwanza kutoka Usagara yamepakia marobota hadi utingo hana pa kushika, na vumbi lake likitua juu ya kila kitu mjini. Shaibu alikuwa ameinama barazani pa duka la ngozi la Bwana Liaqat, misumari midogo kaibana midomoni, akigonga kisigino cha buti la karani wa posta. Fundi viatu huujua mji kwa hatua za watu. Alizijua hatua za askari, za wapagazi, za akina mama wanaopandisha vilima vya Igogo na madebe ya maji vichwani. Hii hakuijua. Kishindo kimoja, kisha kimya, kisha mburuzo. Kishindo, kimya, mburuzo.

Akainua macho. Msichana wa miaka kumi na moja hivi alikuwa anakuja kando ya mtaro, mkono wa kushoto ameukandamiza juu ya goti. Kila hatua alilisukuma goti lile nyuma, kama mtu anayesukuma mlango uliogoma, ndipo mguu ukubali kumbeba. Nyuma yake alikuja mama yake, Bi Sihaba, mjane anayeshona kofia za viua, zile zenye vitundu vya kudarizi, kule Igogo. Mji mzima ulijua kwamba kofia ya Bi Sihaba hailegei hata ikivaliwa Idi kumi.

"Fundi, nasikia unaweza kutengeneza kiatu kirefu," alisema Bi Sihaba baada ya salamu.

Shaibu alitema misumari mkononi. "Kirefu wapi, dada?"

"Soli. Mwanangu alipata homa akiwa na miaka minne, ikaondoka na mguu wake."

"Haukuondoka, mama," msichana akasema. "Si huu hapa?"

Kutoka ndani ya duka Liaqat aliangua kicheko. "Huyo mtoto atakuwa wakili, Bi Sihaba! Mpeleke shule haraka!"

Shaibu hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka mbele ya watu wala wa kuwatazama usoni. Aliishia darasa la nne, akaingia kwenye ngozi na nta, na kwa miaka mingi wateja walitaniana kwamba ukikutana na Shaibu njiani vua kiatu umwoneshe soli, la sivyo hatakufahamu. Siku ile alijua la kufanya. Msichana asimame wima, miguu mitupu, naye aweke vipande vya ngozi chini ya ule mguu mfupi, kimoja juu ya kingine, hadi nyonga zilingane. Alikwisha kunyosha mkono kuchukua kipande cha kwanza. Kisha akafikiri: binti wa watu, barazani, saa nne ya asubuhi, na watu wanapita. Mkono ukarudi.

"Nitampima mwenyewe, nyumbani," alisema Bi Sihaba, aliyekuwa ameuona mkono ule. "Kupima kwa uzi ndiyo kazi yangu."

Kesho yake alileta uzi uleule anaopimia vichwa, una mafundo mawili. Fundo la kwanza lilikuwa urefu wa mguu mfupi, la pili urefu wa mguu mzima. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo kimo cha soli: vidole vitatu vya mkono vikilazwa pamoja. Shaibu alichonga kipande cha ule mti mwepesi ambao wavuvi huutumia kutengenezea maboya ya nyavu, akakivika ngozi nyeusi, akakishonea kiatu juu yake. Siku ya sita Mastura alikivaa. Alitembea kutoka nguzo ya kwanza ya baraza hadi ya mwisho, mkono hauko gotini, unaning'inia kando yake kama haujui pa kwenda.

"Kinabana?" aliuliza Shaibu. Ndilo swali ambalo hakuacha kumuuliza mteja hata mmoja.

"Hakibani, fundi."

Alilisema upesi mno, na macho ameyaelekeza kwa mama yake. Shaibu aliliona hilo. Akaokota nyundo, akaendelea na kazi.

Ikawa ndiyo desturi. Kila mwaka Mastura alikua, kila mwaka uzi mpya ulishuka kutoka Igogo, na kila mwaka Shaibu aliuliza kama kinabana, akajibiwa hakibani. Alikwenda shule ya wasichana Tabora kwa treni, akirudi likizo na kiatu kilicholika ili ashonewe kingine. Kisha, mwaka 1958, zikaja habari zilizowatoa watu vibarazani: binti wa mshona kofia amechaguliwa kwenda Makerere. Atavuka ziwa kwenda nchi ya watu, akae miaka mitatu, arudi na digrii. Igogo nzima haikuwa na mwanamume mwenye digrii, seuze mwanamke. Wako waliofurahi. Wako waliosema Bi Sihaba anampeleka mbali mwari kilema kwa kuwa amekosa wa kumwoa. Bi Sihaba aliwasikia wote, akazidi kushona.

Jambo alilolijua Shaibu peke yake lilianza mwaka 1956. Mastura alikuwa amerudi likizo, na kiatu cha zamani kilibaki barazani. Shaibu alikipindua. Kisigino cha kiatu kile kirefu kilikuwa kipya kama kilivyotoka mkononi mwake. Ncha ya mbele ilikuwa imekwisha, imelika hadi kwenye mti. Alikitazama muda mrefu. Soli haisemi uongo: mtoto huyu alikuwa anatembea kwa ncha ya vidole. Soli ilikuwa fupi.

Jioni ile alikitia kiatu kikapuni, akapanda Igogo kati ya majabali hadi kwa Bi Sihaba. Alikaribishwa uji wa ulezi. Akanywa. Akaulizwa habari za kazi, akasema nzuri. Akaulizwa kikapuni mna nini, akasema hamna kitu. Angeanzaje kumwambia mama wa watu kwamba uzi wake una kasoro, yule ambaye mashehe wanamkabidhi vichwa vyao? Alishuka kilima na kikapu chake. Mwaka uliofuata aliwaza kuongeza mwenyewe nusu ya kidole bila kusema, akaogopa: akikosea yeye, mtoto ataanguka, na lawama itakuwa yake. Akafuata uzi. Akaufuata mwaka mwingine, na mwingine.

Barua ilifika Jumamosi moja, mwanzoni mwa mwaka 1961. Juu ya bahasha paliandikwa: Fundi Shaibu, Baraza la Liaqat, Mwanza. Haikuwa ya Bi Sihaba. Ilikuwa ya Shaibu. Aliisomea nyuma ya marundo ya ngozi, midomo ikimcheza.

"Shikamoo fundi," aliandika Mastura. "Nimefaulu. Sherehe ya kutupa digrii ni mwezi huu. Tutaitwa majina mmoja mmoja, tupande ngazi saba mbele ya watu elfu, tupokee, tushukie upande wa pili. Hakuna pa kushika. Mwezi wa kumi na moja nilianguka kwenye ngazi za bwalo la chakula. Hakuna aliyecheka, fundi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, watu mia wakiacha kutafuna. Daktari mmoja mwanamke alinipima hapa. Anasema kiatu changu ni kifupi, na kilikuwa kifupi tangu mwanzo, ndiyo maana mgongo unaniuma usiku na mchana. Mimi nilidhani kila mwenye kiatu kirefu huumwa. Nakuja na meli ya Jumatatu kwa ajili ya kiatu tu. Meli inarudi Alhamisi saa kumi alasiri. Kama kitakuwa tayari, nitapanda ngazi zile. Kama hakitakuwa tayari, sipandi. Nitawaambia waniletee karatasi yangu kwa posta, kama wanavyoletewa waliokufa. Nataka pia kujua jambo moja. Ni nani aliyepima?"

Shaibu aliikunja barua, akaifunua, akaikunja tena. Liaqat alichungulia.

"Vipi, fundi? Umeandikiwa na mchumba?"

"Kazi," alisema Shaibu.

"Kazi gani inamtoa mtu jasho la namna hiyo kabla hajaianza?"

Jumatatu meli ilipiga honi saa tatu asubuhi. Kabla ya saa tano Shaibu aliisikia ile hatua. Kishindo, kimya, kishindo chepesi. Aliyekuja hakuwa mtoto tena. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na moja, ushungi mweupe, kikapu begani. Na alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimsalimia Shaibu na kungoja hadi fundi alipoinua macho. Bi Sihaba alikuja nyuma yake akihema, uzi tayari mkononi.

"Mwambie mwanao, fundi," alisema Bi Sihaba. "Ameshuka melini hata chai hajanywa, anasema kiatu, kiatu. Nimemwambia twende nyumbani nikampime, hataki."

"Safari hii atapima fundi mwenyewe," alisema Mastura.

"Hapa? Barabarani? Ndicho walichokufundisha huko?"

"Wamenifundisha mengi, mama. Mojawapo ni kwamba mguu wangu si siri."

Liaqat, ambaye mambo yote ya barazani aliyaona yake, alitoka na kufuta mikono. "Chumba cha ngozi kiko wazi. Kinanuka, lakini kina mlango. Bi Sihaba utakuwa humohumo na binti yako. Nani atasema neno? Akisema, mlete kwangu nimuuzie mkanda."

Wakaingia watatu. Mastura alivua viatu, akasimama ukutani miguu mitupu. Shaibu alimpa Bi Sihaba fimbo ya kupimia vitambaa aliyoiazima duka la jirani, la Jivraj, akamwomba ailaze kiunoni mwa binti yake, mwisho mmoja nyonga hii, mwisho wa pili nyonga ile. Yeye akaenda kusimama mlangoni. Fimbo ililala upande kama mtumbwi uliojaa maji.

Aliinama, akasukuma chini ya mguu mfupi kipande cha mti chenye kimo cha uzi. Vidole vitatu. Akarudi mlangoni kutazama. Fimbo ilikuwa bado imeinama.

"Hapo ndipo," alisema Bi Sihaba. "Hapo ndipo panapopimwa siku zote."

"Ongeza, fundi," alisema Mastura.

Shaibu aliweka kipande cha ngozi. Akarudi mlangoni. "Hapo?"

"Bado."

Cha pili. "Hapo?"

"Bado. Ongeza."

Cha tatu. Cha nne. Fimbo ikalala sawa. Mastura alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi Shaibu aliona visigino vyake vyote viwili vimekaa chini. Mabega yake yalikuwa yamelingana. Alionekana kama mtu mwingine aliyeingia chumbani bila kubisha hodi.

Vipande vinne vya ngozi ile ni kidole kimoja kamili.

Bi Sihaba aliketi juu ya rundo la ngozi, fimbo magotini. Hakuna aliyemuuliza. Alisema mwenyewe, akiutazama uzi wake.

"Kofia huikatia uzi pungufu. Ukiikata sawa na kichwa, kesho inapwaya. Ukiikata pungufu, kichwa kinaitanua, inakaa maisha. Nikasema na mguu utakuwa vivyo hivyo. Ukipewa kiatu kilichotosha utabweteka, hautakua tena. Nikiuachia kidole kimoja, utajinyosha uufikie udongo. Kila mwaka nilisema mwaka huu utafika."

"Miaka kumi," alisema Mastura. Sauti yake haikupanda. "Miaka kumi nimetembea kwa ncha ya vidole, mama."

"Hukusema kama unaumia!"

"Ulinifundisha niseme hakibani."

Shaibu alitamani kuufungua mlango atoke. Mkono ulikwisha kushika kitasa. Badala yake alisikia sauti, akatambua ni yake.

"Na mimi nilijua."

Wakageuka wote wawili.

"Tangu mwaka hamsini na sita. Niliona soli. Nilikuja mpaka kwako, Bi Sihaba, nikanywa uji nikarudi. Niliona haya."

Mastura alimtazama kwa muda mrefu kuliko Shaibu alivyowahi kutazamwa na mtu. "Haya," alirudia. "Basi tuko watatu. Mmoja alikata uzi, mmoja akanyamaza, mmoja akasema hakibani." Akaokota kiatu chake. "Nimekasirika, fundi, sitakudanganya. Lakini hasira itangoja. Alhamisi haingoji."

Jumatatu ile ile Shaibu alikata ngozi za juu. Jumanne asubuhi alichonga mti, vidole vinne, kisigino kikishuka kidogo mbele. Jumatano, akipigilia msumari wa kwanza, alisikia mlio mdogo kama wa mfupa. Mti ulikuwa umepasuka kutoka kisiginoni hadi kidoleni. Ulikuwa haujakauka. Kwa vidole vitatu ungestahimili. Kwa vinne haukuweza. Alibaki ameushika vipande viwili mkononi, na jua limekwisha kupanda.

Alifunga nyundo kwenye kitambaa akaenda Kirumba kwa miguu, karibu kukimbia, hadi Mwaloni wanakoanika nyavu. Huko alikuwapo mvuvi mmoja Msukuma, jina lake Chenge, mwenye kifua kama pipa, akiparua sato pamoja na wenzake.

"Natafuta boya," alisema Shaibu, akitazama mapezi. "Boya kuukuu."

"Sauti gani hiyo? Unaongea na samaki?" alisema Chenge. Wenzake wakacheka. "Boya la nini, fundi? Unataka kuvua viatu ziwani?"

Siku nyingine Shaibu angetabasamu, akageuka, akaenda zake. Siku ile aliziona mawazoni ngazi saba ambazo hakuwahi kuziona.

"Nataka mti uliokauka miaka," alisema, na safari hii alipaza sauti hadi mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa akanyanyuka. "Yupo mtoto wa mji huu atasimama mbele ya watu elfu siku chache zijazo, na mimi ndiye nitakayemwangusha. Unao au huna?"

Kicheko kilikatika. Chenge aliweka kisu chini, akaingia kibandani, akatoka na boya jeusi kwa moshi. "Hili lilikuwa la baba yangu. Limekaa juu ya jiko tangu vita. Huyo mtoto ni yule wa Makerere?"

"Ndiye."

"Basi usilipigilie misumari. Litoboe kwanza, ndipo ulishone."

Alhamisi saa nne mti ulikuwa tayari, mwepesi, mgumu, haukulia chini ya kisu. Kilichobaki ni kuuvika ngozi na kuushona kiatuni. Kazi ya namna hiyo huachiwa gundi siku nzima ikauke. Siku haikuwapo. Ilibidi kushona pande zote, tundu kwa tundu, na Shaibu alipohesabu matundu alijua mikono yake miwili haiwezi kuyamaliza kabla ya saa kumi.

Bi Sihaba alikuwa amekaa kando ya nguzo tangu asubuhi, akipaka nyuzi nta bila kuambiwa. Alivuta kigoda mbele.

"Nipe upande mmoja."

"Ngozi si kitambaa, dada. Itakukata vidole."

"Nimesema nipe."

Wakashona, yeye upande wa kulia, fundi upande wa kushoto, magoti yakikaribia kugusana, na hapakuwa na mtu aliyekumbuka kuona haya. Mishono ya Shaibu ilikuwa mikubwa na ya nguvu. Ya Bi Sihaba ilikuwa midogo, myembamba, ya kofia, na kila baada ya mishono michache damu iliacha nukta juu ya ngozi, naye akaipangusa na khanga. Saa nane. Saa tisa. Mastura alikuja na mzigo wake tayari, akasimama akiwatazama, wala hakusema fanyeni haraka. Saa tisa na nusu honi ya kwanza ililia. Bi Sihaba alikata uzi wake kwa meno.

Mastura alivaa barazani. Alipiga hatua moja, akayumba, akashika nguzo.

"Kinabana?" aliuliza Shaibu.

"Sijui bado. Ardhi imehama."

Hakukuwa na muda wa zaidi. Walishuka bandarini, Liaqat akibeba mzigo, akiwafukuza watu njiani kama dereva wa lori. Daraja la kupandia meli lilikuwa mbao zilizoinukia juu, limekazwa upande wa bandari na kutikisika upande wa meli. Abiria wa daraja la tatu walijaa na magunia yao. Kabla ya siku ile Mastura alipanda daraja lile ameshikwa mkono na mpagazi, na kila mtu wa bandarini alijua hivyo. Mpagazi alikwisha kunyosha mkono.

"Asante, baba. Niache."

Akapanda. Mwili uliozoea kuinama kwa miaka kumi ulikuwa unatafuta ule upande wake wa kuangukia, na haukuupata. Katikati ya daraja aliyumba kulia. Watu wakasema "Yaa!" kwa pamoja. Bi Sihaba aliziba macho. Shaibu hakuziba. Alikuwa anatazama kitu kimoja tu, kisigino kile, akihesabu mishono moyoni, ya kushoto yake, ya kulia ya Bi Sihaba. Mastura alisimama. Daraja lilitikisika, likatulia. Akaweka mguu mrefu, akaweka mguu mfupi, kishindo na kishindo, kishindo na kishindo, hadi juu. Hakugeuka kupunga mkono. Shaibu alielewa: mtu anayejifunza kusimama hawezi bado kugeuka.

Zikafuata wiki tatu ambazo Shaibu aligonga vidole vyake kwa nyundo mara nyingi kuliko miaka yote ya kazi yake. Daraja la meli halikuwa na watu elfu. Ngazi hazikuwa mbao. Kama mti wa Chenge ulipasuka njiani, kama uzi ulikatika, habari ingefika kwa posta.

Ikafika kwa posta. Bahasha mbili, moja ya Bi Sihaba, moja yake. Ndani ya yake mlikuwa na picha. Mastura amevaa vazi jeusi pana la chuo, lililoshuka hadi chini kabisa, karatasi imevingirishwa mkononi.

Liaqat aliinyakua, akaitazama, akaangua kicheko. "Masikini fundi! Kazi yako yote imefunikwa! Hata ncha ya kiatu haionekani!"

Shaibu aliichukua picha akaisogeza kwenye mwanga. Alikuwa anatazama mabega. Yalikuwa sawa kama rafu ya duka.

"Nilipanda," aliandika Mastura. "Ngazi ya tano nilisita, nadhani walidhani nasali. Nilikuwa nakasirika, fundi. Hasira niliyoiahirisha ilinikuta palepale juu. Nilikuja nchi ya watu nikidhani nitajifunza historia na jiografia, nikajifunza. Lakini kule kwetu nililelewa nisimsumbue mtu na maumivu yangu, na huku nilikuta wasichana wanaosema chumba kina baridi, chakula kibovu, mwalimu umekosea. Nikawaona hawana adabu. Ilinichukua miaka mitatu na ngazi za bwalo kuwaelewa. Mwambie mama kwamba mishono yake haikuachia hata mmoja. Nimemwandikia, lakini mwambie na wewe, kwa mdomo."

Shaibu alipanda Igogo jioni ile ile. Aliukuta uji wa ulezi. Safari hii alisema alichokwenda kusema, kabla hajashika hata bakuli.

Mastura alirudi Mwanza mwezi wa kumi na mbili, baada ya miezi ya mafunzo ya ualimu kulekule Makerere, siku chache kabla ya bendera kubadilishwa. Mji ulikuwa umepakwa chokaa, vijana wakifunga makuti barabarani, na kila mtu akiuliza itakuwaje siku ya pili yake. Walimu wenye digrii walikuwa wa kuhesabika, na Mastura alikuwa amekwisha kupangiwa kazi Songea, mwisho kabisa wa nchi. Alisherehekea uhuru na mama yake. Wiki iliyofuata akafungasha. Bi Sihaba angemfuata baadaye, na kweli alimfuata, wasirudi kuishi Mwanza tena. Kwa miaka mingi Shaibu alipokea kutoka kusini karatasi yenye mchoro wa unyayo, vipimo pembeni, na mshale penye kasoro. Hapakuwa na uzi. Maneno ya mdomo hayakuja tena.

Yale ya mwisho aliyasikia stesheni, asubuhi ya treni. Alikuwa amemshonea kiatu kipya cha safari, akakileta mwenyewe kikiwa na joto la mikono. Mastura alikivalia dirishani, akatembea ndani ya behewa hadi mwisho na kurudi. Bi Sihaba alikuwa chini na khanga mdomoni. Mlinzi wa treni alikwisha kuinua bendera.

Shaibu aliinua macho yake yote, akamtazama usoni. "Kinabana?"

Mastura alifikiri. Treni ilishtuka, ikaanza kuvuta. Akainama nje ya dirisha ili asikike.

"Kinabana, fundi! Hapa, kidole cha mwisho!"